Mpingo si Abunusi

Mwenye kupita katika maduka ya vinyago ya Mji Mkongwe huonyeshwa kila kitu cheusi akaambiwa kuwa ni mpingo. Akiwa mgeni wa ng'ambo, jina hubadilika papo hapo likawa abunusi. Mara nyingine kitu chenyewe si cha mti wa kwanza wala wa pili. Sisi tuliwahi kununua bakora nyeusi ya kung'ara, tukajiona watu wa maana. Mvua ya masika ilipotukuta njiani, weusi wote ukatuchuruzikia juu ya kanzu, na chini yake ukabaki mti mweupe uliopakwa dawa ya viatu. Wenzetu walicheka, nasi hatukuwa na budi kucheka.

Lakini kuchanganya mpingo na abunusi si jambo la kucheka. Mpingo ni jamaa ya kunde: una miba, vijani vingi katika kikonyo kimoja, na maganda bapa ya mbegu. Abunusi ni wa ukoo mwingine kabisa. Majani yake ni mamoja mamoja, na tunda lake lina nyama. Abunusi iliyosifika zamani ilitoka Bara Hindi na Sri Lanka. Iliyo maarufu leo hutoka Kameruni na Gaboni. Mpingo ni wetu, wa Lindi, Mtwara, Ruvuma na Pwani, na huvuka bahari kuja mikononi mwa wachongaji wa visiwani.

La ajabu ni kwamba neno abunusi, tulilolipokea kutoka kwa Waarabu, asili yake inarejea Misri ya Mafirauni, na wataalamu waliochunguza samani za makaburi yale wamekuta kwamba mbao nyeusi iliyotumika aghalabu ilikuwa mpingo. Kwa hiyo mpingo ndio uliokuwa na jina hilo kwanza, kisha wafanyabiashara wakauvisha mti mwingine.

Tukija kwenye meza ya fundi, tofauti hudhihirika zaidi. Mita moja ya ujazo ya mpingo mkavu huwa na uzito wa kilo 1,200 na zaidi, ilhali abunusi huwa karibu na kilo 1,000. Abunusi bora ni mweusi tititi, nayo hupendwa kwa vibao vya vidole vya fidla na gitaa, na zamani kwa vitufe vyeusi vya piano. Ila hupasuka upesi inapokauka, na fundi asiye na subira huharibu gogo zima. Mpingo una mafuta ndani yake, hukubali kukerezwa na kukatwa hesi kama chuma, wala unyevu wa pumzi hauupindi kwa urahisi. Ndiyo maana klarineti, obo na zumari za mifuko za Uskochi hutengenezwa kwa mti huu wa mashamba yetu. Kwa kiti cha enzi chenye njumu za pembe, tungekubali mti wowote kati ya hii miwili. Kwa ala ya kupulizwa, hapana shaka tungechagua mpingo.

Sasa tuseme na watumishi wa bandarini na uwanja wa ndege. Tangu Januari 2017 mpingo, pamoja na takriban jamaa zake wote wa jenasi moja, umo katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES. Mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokamilika, na bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mbao kwa shehena, zilisamehewa. Kwa hiyo mtalii na kinyago chake hana la kuogopa. Magogo hayakusamehewa. Abunusi za Madagaska ziliorodheshwa 2013, lakini za Afrika Bara hazikuguswa wakati huo. Basi karani akiandika "abunusi" juu ya shehena ya magogo ya mpingo, ameifungulia mlango wa nyuma kwa neno moja tu.

Na mpingo haukui kwa haraka. Aghalabu huhitaji miaka 70 au zaidi kabla ya kufaa kupasuliwa, tena gogo limepinda na lina mapengo, hata sehemu kubwa hutupwa. Wanavijiji wa Kilwa, ambao misitu yao ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji bora mwaka 2009, wanauza magogo yao wenyewe na fedha hubaki kijijini. Kila gogo linalopita kwa jina la uongo linawapunja hao kwanza, kisha mchongaji wetu.

Mwenye shaka akwangue chini ya kitako cha kinyago, mahali pasipoonekana, akitazame juani. Rangi ya kupakwa itatoka na kuacha weupe. Abunusi bora itabaki nyeusi vilevile. Mpingo utaonyesha michirizi ya kahawia yenye uzambarau, na fundi akiwa hakuumaliza wote, ukingoni utakuta utepe mwembamba wa rangi ya maziwa.