Mlinzi wa msitu Lamu bado hana hati ya ardhi

Kila mwaka kaskazi inapokaza na masika bado yako mbali, wakulima wa Lamu bara hufyeka mashamba yao na kuyachoma. Aghalabu moto huo huzimika mpakani. Usipozimika huingia katika msitu wa Boni, unaoenea hadi Garissa karibu na mpaka wa Somalia, na humo hakuna gari la zimamoto litakaloufikia.

Wakulima si wa kulaumiwa peke yao. Warina asali hutumia mwenge kufukuza nyuki, nao wafugaji huchoma nyasi kavu ili mpya zichipue. Kichaka kikiungua mara moja huweza kurudi. Kikiungua mwaka baada ya mwaka, miti michanga hufa kabla ya kuzaa mbegu, na mahali pake hushikwa na nyasi ambazo huwaka upesi zaidi.

Ureno, yenye misitu ya aina ya Mediterania, ina tatizo kama hilo. Baada ya moto wa mwaka 2003 kuteketeza zaidi ya hekta 400,000, nchi hiyo iliweka utaratibu wa wenye viwanja vidogo vya misitu kuungana chini ya usimamizi mmoja ili wafyeke vichaka na kupanda miti kwa mpango. Hata hivyo, Juni 2017 moto wa Pedrógão Grande uliua watu 66. Wamiliki wengi walikuwa wamehamia mijini, na ardhi yao imebaki pori.

Lamu mambo ni kinyume: watu wapo, hati hazipo. Waboni, au Waaweer kama wanavyojiita, wa Mangai, Milimani, Basuba, Kiangwe na Mararani walikusanywa vijijini wakati wa vita vya Shifta miaka ya 1960. Uwindaji ulipopigwa marufuku mwaka 1977, walibaki na jembe na asali. Ardhi wanayolima imehesabiwa kwa muda mrefu kuwa ya Serikali.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, na ile ya 2016 iliyoirithi, huruhusu wanavijiji kuunda chama cha kusimamia msitu pamoja na Serikali. Wanachama huchuma asali, kuni na dawa, nao hulinda msitu. Hiyo ni haki ya kutumia, si ya kumiliki, na kilichotolewa kwa kibali huweza kuondolewa. Wakataji mikoko wa Lamu waliliona hilo Februari 2018, Serikali iliposimamisha ukataji miti nchini, wenye leseni na wasio nayo wakaathirika sawa. Anayehofia kuhamishwa kesho ni vigumu kumshawishi apande mti wa kukomaa baada ya miaka 30.

Operesheni ya Linda Boni, iliyoanza mwaka 2015, nayo iliwabana wanavijiji kuingia msituni, hata wale ambao wangeuona moshi mapema.

Njia iliyopo ni Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Jamii huitisha baraza, ikachagua kamati ya watu 7 hadi 15, ikasajiliwa, kisha mipaka ikapimwa. Msitu wa Serikali hautaguswa. Kitakachopata mwenyewe ni mashamba ya pembezoni, na huko ndiko moto unakoanzia.