Sikio la Bahari ni Antena

Sisi wa visiwani hatujausahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, ilipozama meli ya Spice Islander I iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba. Chombo kilichofikwa na maafa huita kwa redio katika chaneli ya 16, yaani megahezi 156.8, lakini wito huo haufai kitu iwapo pwani hakuna ausikiaye.

Tangu mwaka 2012 imefahamika kwamba kifaa kidogo cha kupokelea televisheni, kikichomekwa katika kompyuta, chaweza kugeuzwa kwa programu kikawa redio ya kupokea mawimbi hayo, tena kwa gharama ndogo. Wengi hukinunua, wakategemea antena fupi iliyokuja nacho, kisha wakalalamika kuwa hakisikii. Kosa si la kifaa, ni la antena.

Antena hukatwa kwa kipimo cha wimbi. Wimbi la chaneli ya 16 lina urefu wa mita 1.91, robo yake ni sentimita 48. Waya wa shaba wa kipimo hicho usimamishwe wima, na chini yake zitandazwe nyaya nne za urefu huo huo. Tena iwekwe juu, kwani mawimbi haya huenda moja kwa moja na kilima huyazuia.

Twawaomba viongozi wetu kila diko lipatiwe kifaa hiki na kijana aliyefunzwa. Kifaa hupokea tu, hakijibu. Lakini asikiaye mapema huarifu mapema, na baharini saa moja ni roho za watu.