Viroboto wa Mbwa na Paka Hutoka Sakafuni

Katika Ntimaru, upande wa mashariki wa nchi ya Wakuria, Kaunti ya Migori, boma la mfugaji lisilo na mbwa ni nadra kuonekana. Mbwa hulinda ng'ombe usiku, na paka hulinda mahindi ya ghalani yasiliwe na panya. Ujira wao mara nyingi ni makombo tu, wala wenye nyumba hawana lawama kubwa juu yao illa moja: viroboto.

Desturi ya wengi ni kumkamata mbwa, kumwogesha kwa sabuni, kisha kungoja. Baada ya siku chache viroboto huwa wamerudi. Sababu yake ni kwamba wale waonekanao juu ya mnyama ni sehemu ndogo tu ya jamii yao. Jike mmoja aweza kutaga mayai 40 hata 50 kwa siku, na mayai hayo hayashiki katika manyoya, bali huanguka popote mnyama alalapo. Mabuu hutoka na kujificha katika nyufa za sakafu ya udongo na chini ya vitanda, penye kivuli na unyevu, wakila mavi ya viroboto wakubwa, ambayo ni damu iliyokauka. Kisha kila buu hujisokotea kifuko, na humo aweza kungoja miezi kadhaa mpaka asikie kishindo cha miguu au joto la mwili. Ndiyo maana nyumba ya mwalimu iliyofungwa likizo nzima huwapokea wenyewe kwa viroboto, hata kama hapakuwa na mbwa ndani.

Basi silaha ya kwanza ni ufagio. Sakafu ifagiwe kila siku hata pembeni na mvunguni, na vumbi lake lichomwe moto, lisitupwe mlangoni. Mikeka na mablanketi yaanikwe katika jua kali. Mbwa apewe gunia lake nje ya nyumba, nalo lichemshwe kila juma. Usiku, sahani pana ya maji yenye sabuni ikiwekwa sakafuni karibu na taa, viroboto huurukia mwanga na kuzama. Kazi hii yataka majuma mengi, kwa kuwa vifuko havifunguki vyote siku moja.

Wana-mbuzi pia watazamwe, maana kiroboto huyu huwanyonya nao, na mwana-mbuzi aliyejaa viroboto aweza kufa kwa kuishiwa damu.

Lakini hatari kubwa imo katika dawa ya kuua kupe. Kwa kuwa chupa yake haikosekani kwa mfugaji, mtu huona ni vyepesi kumnyunyizia paka ile ile iliyochanganywa kwa ajili ya ng'ombe. Nyingi za dawa hizo ni sumu kwa paka: mwili wake hauwezi kuziyeyusha, naye hujilamba na kuzimeza. Hutetemeka, hutoka mate, na aweza kufa; na panya huachiwa ghala. Maji ya tumbaku nayo hayafai, kwani sumu yake hupenya ngozi. Dawa ya paka ni ile tu iliyoandikwa kuwa ni ya paka.

Paka aliyekwisha kunyunyiziwa aogeshwe mara moja kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, akaushwe, azuiwe asijilambe, na apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.