Mashine ya Dizeli na Chupa ya Insulini

Hadi miaka michache iliyopita, taa za Kibondo na Kasulu ziliwaka kwa majenereta ya dizeli. Chukua mtu aliyekopa benki wakati huo akanunua mashine ya kusaga ya injini. Hesabu zake alizipiga vizuri: bei ya mafuta, madebe ya mahindi na muhogo kwa siku, marejesho ya kila mwezi. Kisha nguzo za gridi ya Taifa zikafika kutoka Nyakanazi. Jirani yake akafunga mota ya umeme, akasaga kwa bei ya chini. Mashine ya kwanza haikuharibika, hadi leo unga wake ni laini. Kilichoharibika ni hesabu.

Sisi tunaofuatilia uchumi wa afya tunaiita hali hii hatari ya teknolojia shindani. Katika utafutaji wa tiba ya kisukari imekwisha kumeza mabilioni.

Tazama Exubera, insulini ya kuvutwa kwa mdomo kama dawa ya pumu. Kampuni ya Pfizer ilipata kibali chake Marekani Januari 2006. Ilifanya kazi, sukari ya mgonjwa ilishuka. Oktoba 2007 Pfizer ikaiacha na kuandika hasara ya dola bilioni 2.8. Kifaa kilikuwa kikubwa na ghali, na kwa miaka yote ambayo wahandisi walikuwa wakikihangaikia, sindano nazo zilizidi kuwa nyembamba na kalamu za insulini zikawa rahisi kutumia. Wagonjwa wengi hawakuona sababu ya kuhama.

Sasa uwanja umejaa zaidi. Katika kisukari aina ya kwanza, kinga ya mwili huziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Mwaka 2000 madaktari wa Edmonton, Kanada, walieleza jinsi wagonjwa saba waliopandikizwa seli za watu waliofariki walivyoweza kuacha sindano. Wachangiaji walikuwa wachache mno, ndipo kampuni zikageukia seli shina, ambazo hukuzwa maabara. Vertex ya Boston iliinunua kampuni ya Semma mwaka 2019 kwa dola milioni 950, na mwaka 2022 ikamnunua mshindani, ViaCyte, kwa dola milioni 320. Ikashika njia mbili kwa pamoja: seli zinazoingizwa kwenye mshipa wa ini huku mgonjwa akitumia dawa za kudhoofisha kinga, na seli zilizofichwa ndani ya kifaa ili kinga isizifikie.

Machi 2025 ile ya kifaa ikaachwa, kwa kuwa haikuzalisha insulini ya kutosha. Juni mwaka huohuo yakatoka matokeo ya njia ya kwanza: kati ya wagonjwa 12 waliopata dozi kamili, 10 hawakuhitaji tena insulini baada ya mwaka mmoja. Ni habari kubwa, nami niliposoma nilifurahi kweli. Lakini wakati huohuo huko Uppsala, Sweden, mgonjwa alikuwa amepandikizwa seli zilizobadilishwa vinasaba ili kinga isizitambue, bila dawa za kuidhoofisha. Njia hiyo ikikomaa, fedha zilizowekwa kwenye zile mbili za mwanzo zitakuwa kama mkopo wa mashine ya dizeli. Oktoba 2025 Novo Nordisk ya Denmark ilikifunga kabisa kitengo chake cha tiba ya seli, ikaelekeza nguvu kwenye dawa za unene na kisukari aina ya pili, kwenye wateja wengi.

Mwekezaji anajua namna ya kujikinga. Hununua hisa kidogo hapa na kidogo pale, moja ikianguka nyingine inamwinua. Mtoto wa Makere, huko Kasulu, anayeumwa sukari hana hisa za kutawanya. Ana chupa moja ya insulini, mabomba ya sindano, na kliniki moja. Tiba inayodai dawa za kudhoofisha kinga, vipimo vya damu vya mara kwa mara na daktari bingwa karibu haijawa tiba kwake, kwa sababu anaishi kwenye malaria na kifua kikuu. Anaweza kuondokana na sindano akauawa na homa.

Kwa hiyo swali linalonisumbua ni nini kitatokea kwenye dawa ya zamani wakati fedha zinakimbilia mpya. Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na bado hakuna kilichoiondoa. Inaweza kuondolewa na soko tu. Mwaka 2024 kliniki za umma za Afrika Kusini zilikosa kalamu za insulini baada ya Novo Nordisk kutoendelea na mkataba wa kuzileta. Hapa Tanzania watoto wengi wamepata insulini bure kupitia mpango ambao kampuni hiyohiyo na washirika wake waliuanzisha mwaka 2009. Nashukuru kwa kila chupa. Hata hivyo, kutegemea mkono mmoja ni kusimama juu ya mguu mmoja, na Bohari ya Dawa haina budi kuwa na wauzaji zaidi ya mmoja wa insulini ya kawaida ya vichupa, hata pale inapotolewa bure.

Utafiti mwingine haumpi mwekezaji faida hata senti. Madaktari Wasio na Mipaka, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva, walipima joto ndani ya nyumba za wakimbizi wa Dagahaley, Dadaab, nchini Kenya, kisha wakaijaribu insulini maabara katika joto hilohilo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: chupa iliyofunguliwa ilibaki na nguvu yake kwa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Kasulu na Kibondo, kwenye miinuko yake, ni baridi kuliko Dagahaley, na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu imo humohumo Kasulu.

Awali, wagonjwa wa Dagahaley wasio na friji walilazimika kwenda hospitali kila siku kuchomwa sindano. Baadaye walipewa chupa wakaenda nayo, wakawa wanajichoma nyumbani.