Ukifika Fort Portal, jina lako pekee halitoshi

KARIBU kila jamii ina majina yake ya kubembelezana. Warusi humwita Aleksandr 'Sasha'. Wafaransa humwita mtoto 'kabeji yangu' na hakuna anayenuna. Hapa pwani, babu humwita mjukuu wake wa kike 'mke wangu', naye nyanya hujifanya ameletewa mke mwenza. Kwa Wakikuyu, wanaorithisha watoto majina ya babu na nyanya, si ajabu kumsikia mama akimwita mwanawe wa miaka miwili 'baba', kwa kuwa amebeba jina la baba mzazi wa mama huyo.

Majina hayo ni mali ya nyumba. Jirani hathubutu kuyatumia, na mgeni akiyatumia ataonekana hana adabu.

Magharibi mwa Uganda nilikuta mambo mengine kabisa. Miongoni mwa Watooro, Wanyoro na jirani zao Watuku, Watagwenda na Wanyabindi, jina la mapenzi ni la hadharani. Huitwa empaako, na mtu huwa nayo juu ya jina lake la kuzaliwa na lile la dini.

Majina yenyewe ni 12 tu: Abwoli, Abooki, Acaali, Adyeri, Akiiki, Amooti, Apuuli, Araali, Ateenyi, Atwooki, Bbala na Okaali. Hili la mwisho ni la mfalme, yaani Omukama. Mengi ya yaliyobaki hutumiwa na wanaume na wanawake vilevile.

Msomaji atauliza: ikiwa halaiki ya watu inagawana majina 12, utamjuaje Akiiki huyu na Akiiki yule? Jibu ni kwamba empaako haikukusudiwa kumtambulisha mtu. Kazi hiyo inafanywa na majina mengine. Empaako ni ya kumwonyesha mwenzako kwamba unamheshimu na kumpenda. Ndiyo maana watu wawili wasiojuana wakikutana, huulizana kwanza: "Empaako yaawe?" Baada ya hapo ndipo husalimiana: "Oraire ota, Adyeri?" Yaani, umelalaje, Adyeri?

Kumsalimu mtu mzima kwa jina lake tupu ni ukavu. Katika ndoa, jina hilo ni kama kipimo cha hewa. Mume akirudi jioni akaitwa Abooki, mambo ni shwari. Akiitwa kwa jina la kwenye kitambulisho, ajue kuna kesi inamsubiri.

Mimi nina sababu ya kulifuatilia jambo hili. Dada yangu ameolewa Fort Portal, lakini yeye na mumewe wanaishi Nairobi, na mtoto wao wa kwanza alifikisha miaka sita bila empaako. Kila nyanya yake alipopiga simu, alikwama kwenye salamu. Alimwita 'mwana', kisha akanyamaza. Mama huyo alikuwa mgonjwa, na kwa shemeji yangu halikuwa tena suala la mila. Alihofia mama yake angefariki dunia bila kumwita mjukuu wake ipasavyo.

Tulisafiri likizo ya Desemba. Kwa desturi, mtoto hupewa empaako angali mchanga, lakini wazee walikubali kwamba kuchelewa si kukosa. Shangazi, dada za baba, walimweka kijana katikati na kumkagua kama watu wanaochagua nguo sokoni: paji la uso, masikio, vidole vya miguu. Wanatafuta amefanana na nani katika ukoo, kwa kuwa mfanano ndio unaoelekeza jina. Walibishana, wakacheka, wakakubaliana kwamba masikio yale ni ya babu yake marehemu. Mkuu wa ukoo akatamka: Araali.

Tukala ugali wa wimbi na nyama iliyokaushwa kwa moshi, mtoto akapewa zawadi, na mti ukapandwa kwa ajili yake. Nyanya alimwita Araali mara tatu mfululizo, bila kumtuma kitu.

Kwa wasomaji wa Kenya, mila hii si ya watu wa mbali. Majina hayo si ya Kibantu kwa asili. Husimuliwa kwamba yaliletwa na Wabiito, watawala wenye asili ya Kiluo waliotoka kaskazini na kutwaa ufalme wa Bunyoro. Tooro ilijitenga na Bunyoro mnamo mwaka wa 1830 chini ya mwanamfalme Kaboyo, na ikabaki na desturi hiyo hiyo. Falme zilipigwa marufuku mwaka wa 1967 na kurejeshwa mwaka wa 1993, lakini empaako haikuhitaji ikulu ili kuendelea. Iliishi jikoni na njiani.

Kinachoitishia sasa ni kimya cha nyumbani. Desemba 2013, katika kikao kilichofanyika Baku, Azerbaijan, UNESCO iliiweka empaako kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Sababu ilielezwa wazi: sherehe za kuwapa watoto majina zimepungua sana, na lugha inayoyabeba majina hayo inazidi kuachwa.

Orodha ya UNESCO ni heshima, lakini haiwezi kumsalimu mtoto. Kazi hiyo ni ya shangazi, na shangazi wengi siku hizi wako Kampala, Nairobi na ng'ambo, wakiwatumia wapwa zao picha badala ya kuwashika masikio.

Sidhani dawa ni kuwarudisha wote kijijini. Shemeji yangu ameamua kwamba kila asubuhi kabla ya shule atamsalimu mwanawe kwa Kitooro, sentensi moja tu, na jina lake mwishoni. Dada yangu, asiyejua Kitooro, naye amejifunza sentensi hiyo. Mtoto hujibu kwa Kiswahili, lakini ukimwita Araali, anageuka.