Kufunga Nyongeza za Michezo ya Tarakilishi: Kutoka Amri Hadi Tamko

Mchezo wa tarakilishi aununuao mtu leo aghalabu si mchezo atakaoucheza miaka mitano baadaye. Mathalan, mchezo uitwao Skyrim, uliotolewa na kampuni ya Bethesda ya Marekani tarehe 11 Novemba 2011, umepambwa na wapenzi wake kwa maelfu ya nyongeza: sura mpya za milima, mavazi, silaha, visa vizima, hata marekebisho ya makosa ambayo kampuni yenyewe haikuyagusa. Nyongeza hizi, ziitwazo modi na wachezaji, hutungwa na watu wasiofahamiana, na kila mmoja huirekebisha yake apendapo. Mchezaji aliyebobea huweza kukusanya mia mbili au zaidi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mkusanyiko kama huo unavyoweza kufungwa ili upatikane katika tarakilishi nyingine vile vile ulivyokuwa katika ile ya kwanza.

Ifahamike kwamba kukusanya ndiyo kazi nyepesi. Kupanga ndiko kunakokesha watu. Nyongeza mbili zikigusa faili moja, ile ipakiwayo mwisho ndiyo ishindayo. Aidha, nyingi huitegemea programu iitwayo SKSE, ambayo hufungamana na toleo mahususi la mchezo. Tarehe 11 Novemba 2021, Skyrim ilipotimiza miaka kumi, Bethesda ilitoa toleo jipya. Wachezaji ambao tarakilishi zao zilijisasisha zenyewe walikuta kazi ya miezi mingi haifanyi kazi tena, hadi watunzi wa nyongeza hizo walipoziunda upya.

Njia ya kawaida ya kumpa mwenzio mkusanyiko ni kumwandikia maagizo: pakua hii, kisha ile, futa faili fulani, badilisha mpangilio. Dosari ya maagizo ni kwamba huchukulia kuwa msomaji anaanzia pale alipoanzia mwandishi. Asipoanzia hapo, kila hatua humpeleka kombo zaidi.

Nix ni programu ya kusimamia vifurushi iliyobuniwa na Eelco Dolstra katika Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, na kuelezwa kwa kina katika tasnifu yake ya uzamifu ya mwaka 2006. Hiyo hufuata mkondo tofauti. Mwanafunzi wa sarufi, azoeaye kutenga sentensi ya amri na sentensi ya taarifa, ataielewa tofauti hiyo upesi kuliko wengi. Katika Nix, mtumiaji haamrishi hatua bali hutamka hali: mkusanyiko huu una mchezo wa toleo hili, nyongeza hizi, kwa mpangilio huu. Jinsi ya kuifikia hali hiyo ni shughuli ya programu.

Tamko hilo lisingekuwa na maana iwapo majina pekee ndiyo yangeandikwa, kwani jina moja huweza kubeba faili tofauti leo na kesho. Kwa hivyo kila faili itokayo nje huandikwa pamoja na namba ikokotolewayo kutokana na yaliyomo ndani yake, mithili ya alama ya kidole. Herufi moja tu ikibadilika ndani ya faili, namba nzima hubadilika, nayo Nix husita na kukataa kuendelea. Mchezo wenyewe ukiandikwa hivyo, toleo jipya lililopenya bila hodi hugunduliwa kabla ya kucheza, si katikati ya safari.

Kinachojengwa huwekwa katika saraka ambayo jina lake huanza kwa herufi na tarakimu 32 zitokanazo na viambato vyote vilivyotumika. Hivyo mkusanyiko wa jana na wa leo hukaa bega kwa bega pasipo mmoja kuuharibu mwingine, na kurudi nyuma huwa jambo la dakika chache. Mchezo asilia hauguswi. Nyongeza hutandazwa juu yake kama tabaka. Hata hivyo, Nix hutumika katika Linux na macOS, ilhali Skyrim ya tarakilishi iliundiwa Windows. Anayetumia Linux huipitishia katika programu ya Wine au Proton.

Kuna na suala la hakimiliki. Mchezo huu ni wa kulipiwa, na watunzi wengi wa nyongeza hawaruhusu kazi zao zisambazwe na wengine. Tamko huikwepa hatia hiyo kwa kubeba jina na alama tu: kila mtu hujitafutia faili mahali halali, nayo Nix huithibitisha.

Tatizo lililosalia ni la kutoweka. Mwezi Julai 2021, Nexus Mods, hifadhi mashuhuri ya nyongeza, ilitangaza kwamba faili zilizowekwa humo hazitafutwa tena kabisa, kwa kuwa mikusanyiko huzitegemea. Baadhi ya watunzi waliona wamenyang'anywa mamlaka juu ya kazi zao, wakaziondoa kabla ya muda waliopewa kwisha. Malalamiko yao hayakuwa ya bure, wala hoja ya hifadhi haikuwa ya bure. Nix haiwezi kuwapatanisha. Alama ya faili iliyofutwa hueleza bayana ni faili ipi inayokosekana, lakini haiwezi kuirejesha. Ndiyo maana mkusanyaji makini hujiwekea nakala katika diski yake mwenyewe, nayo Nix huipokea faili kutoka kokote maadamu alama ni ile ile.