Kikombe cha Timu Iliyouzwa

Sokoni Thika, katika rundo la vyombo vya mtumba, palikuwa na kikombe kikubwa cha mkono mmoja, kile kiitwacho magi, cha rangi ya kijani na manjano. Ubavuni kimeandikwa Seattle SuperSonics. Mwuzaji alinihakikishia kuwa hicho ni cha shirika la ndege.

Hakuwa mbali sana. SuperSonics ilikuwa timu ya mpira wa kikapu ya mji wa Seattle, Marekani, iliyoanza mwaka 1967, na jina lake lilitokana na ndege ya kasi kushinda sauti iliyokuwa ikisanifiwa na Boeing mjini humo. Mradi ulifutwa mwaka 1971, ndege haikuruka hata siku moja. Timu ndiyo iliyoruka! Mwaka 1979 iliifunga Washington michezo minne kwa mmoja ikatwaa ubingwa, na mwaka 1996 Gary Payton na Shawn Kemp waliifikisha tena fainali, wakashindwa na Chicago ya Michael Jordan.

Kisha ikauzwa. Mwenye kuiuza mwaka 2006, kwa dola milioni 350, ni Howard Schultz, bwana wa kahawa ya Starbucks. Wanunuzi wa Oklahoma walidai jumba jipya la michezo, hawakulipata, na mwaka 2008 wakaihamisha timu kwao, baada ya kukubali kuulipa mji dola milioni 45 wavunje mkataba wa ukumbi. Jina na rangi vilibaki Seattle. Mashabiki wa miaka 41 wakaachiwa jina lisilo na wachezaji, nalo lachapishwa vikombeni mpaka leo.

Kwa hiyo timu iliyouzwa na mfanyabiashara wa kahawa imebaki katika kikombe cha kahawa. Na kikombe chenyewe kimeangukia wapi? Nchi ya kahawa! Hapo jirani, Ruiru, ndipo penye kituo cha utafiti kilichotoa mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985, inayostahimili ugonjwa wa kuozesha buni mtini na ule wa kutu ya majani. Nayo mibuni ya Ruiru imeonja mauzo: Tatu City, mji uliozinduliwa mwaka 2010, umesimama palipokuwa mashamba ya kahawa. Mwenye mali huuza, aliyeizoea haulizwi.

Thika nao walikuwa na timu yao ya kandanda, Thika United, iliyofadhiliwa na kampuni ya maziwa ya Brookside ya huko Ruiru. Ilishuka kutoka ligi kuu mwaka 2018. Niliulizia kikombe chenye nembo yake, hata bilauri ya plastiki, nikachekwa. Kile cha Seattle, mji ambao muuzaji hakuusikia, kilikuwapo.

Lakini sisi wa Mombasa tusiwacheke wa Thika. Feisal ilitwaa ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 1965, na wazee wanaitaja barazani kila kahawa inapomiminwa. Inamiminwa katika vifinjani vyenye maua ya Kichina. Aliye na kikombe, jezi au picha ya Feisal katika sanduku la marehemu babake, tafadhali asiitupe. Na atuonyeshe.